Isale kwa Hakimu wa Ng'ambo

Asubuhi aliyoondoka, mdogo wangu alikataa mtori. Naanzia hapo kwa sababu mama naye alianzia hapo kila aliposimulia habari hii. Alikuwa ameamka mapema, akachemsha ndizi na nyama ya mfupa, akaponda mpaka ukawa laini kama wa kumpa mzazi, akamwekea kwenye bakuli. Yeye akasema tumbo halitaki. Mama alinuna. Akamwambia, "Unasafiri mbali na tumbo tupu, huko watasema umetoka kwenye nyumba ya njaa." Mdogo wangu akacheka, akamkumbatia, akapanda bodaboda mpaka Himo, na kutoka Himo akaelekea Holili kama mtu anayekwenda kazini. Kazi yake ilikuwa palepale mpakani, kuwafuatilia madereva wa malori karatasi zao. Siku hiyo alivuka.

Leo najua kwa nini hakula. Waliomtuma walimwambia aje na tumbo tupu. Walimfungia na wenzake kwenye chumba fulani Nairobi, wakakaa wanameza vidonge vya kokeini vilivyofungwa kwa mpira, kimoja baada ya kingine, kwa maji ya vuguvugu, na aliyetapika alianza upya. Kisha wakapandishwa ndege. Yeye alikamatwa alikoshukia, nchi ya mbali upande wa mashariki. Siitaji, kwa sababu bado yuko mikononi mwao.

Watu wakinisimulia habari za vijana kama yeye, hupenda kusema walidanganywa. Mimi sitasema hivyo. Mdogo wangu alijua anachobeba. Alitaka lori lake mwenyewe, alikuwa amechoka kukimbiza karatasi za malori ya wengine, na bwana mmoja, ndiye aliyemtuma, alimwambia safari moja tu inatosha. Alijua, akaenda, na mimi niliyembeba mgongoni nampenda hivyohivyo. Hukumu ilipotoka, ilikuwa na miaka mingi kuliko aliyokuwa ameishi.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda Pasua, huku mjini, nashona sare za shule na magauni ya kipaimara. Mama alikuwa anaishi juu, mlimani, kwenye kihamba chetu, yaani shamba la ukoo lenye kahawa, migomba na makaburi ya watu wetu. Baba tulishamzika humo. Kati yangu na mdogo wangu mama alizaa wengine, wote wakafa wachanga, ndiyo maana tumepishana sana umri. Na kwetu, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki nyumbani na wazazi. Nyumba ni yake, kihamba ni chake, na siku mama akifa yeye ndiye anayemwaga udongo wa kwanza. Mama hakuwa na hofu ya kufa. Nilimsikia mara nyingi akisema anataka kitu kimoja tu, azikwe na mkono wa mwanawe.

Nilipanda mlimani kumwambia. Nilimkuta anaanika kahawa, nikamsaidia kutandaza mpaka nikakosa kisingizio cha kuendelea kunyamaza.

"Mama, amekamatwa."

"Ameiba?"

"Hajaiba."

"Ameua mtu?"

"Hajaua." Nikajiona mwongo kidogo, nikaongeza, "Alikuwa amebeba dawa za kulevya. Tumboni."

Alijishika tumbo lake mwenyewe, tumbo lile lililombeba. Hakulia. Aliendelea kugeuza kahawa kwa mkono mmoja, mwingine umebaki palepale tumboni, na mimi nikashindwa kumtazama.

Tuliwaambia majirani kwamba yuko masomoni. Huo ndio uongo wa kwanza, na ulikuwa mbovu, maana mtu aliyeishia kidato cha nne anasomea nini ng'ambo. Hakuna aliyeuliza. Yule bwana aliyemtuma ni mzaliwa wa kijiji cha pili kutoka kwetu, anakaa mjini, na kila Desemba hupanda mlimani na gari lake jeupe kama Wachagga wengine wanaorudi kuhesabiwa. Paa la kanisa letu yeye ndiye aliyelichangia bati. Mdogo wangu hajamtaja mbele ya hakimu yeyote, kwa sababu alijua mama analala peke yake kwenye nyumba yenye mlango wa mbao. Na mimi, bila neno la mdogo wangu, nilikuwa na nini mkononi? Nilikuwa na hasira tu.

Nilidhani hasira hiyo ni haki yangu peke yangu mpaka siku mama mmoja wa Pasua alipokuja kuchukua sare za wajukuu wake. Alizikagua mishono, akazikunja, halafu akasema bila kuniangalia, "Nimesikia mdogo wako yuko ndani kwa ajili ya unga."

Nikasema ndiyo.

"Wa kwangu anauvutia kule kwenye mtaro. Jana nimempelekea chakula akanifukuza, hakunijua." Akatia sare kwenye mfuko. "Wa kwako angalau kuna mtu anampa chakula kila siku."

Nilitaka kumjibu. Mdomo wangu haujawahi kukosa jibu, muulize yeyote Pasua. Siku hiyo nilikosa. Mzigo aliomeza mdogo wangu ulikuwa unakwenda kwa mtoto wa mama mwingine huko, mama ambaye hata yeye angebeba sahani mpaka kwenye mtaro. Nimeendelea kumlilia mdogo wangu, lakini tangu siku hiyo sijawahi kusema kwamba ameonewa.

Sasa nije kwenye isale.

Kwa asiye wa kwetu, isale ni mmea wa majani marefu ya kijani. Tunaupanda mipakani mwa vihamba na kwenye makaburi. Ukimkosea mtu, hata umkosee vibaya, unakata jani lake, unalifunga fundo, unampelekea mwenyewe au unamtuma mzee akupelekee. Aliyeletewa hawezi kulikataa. Anaweza kukuacha umesimama uani, anaweza kukaa nalo muda mrefu bila kusema neno, lakini kulikataa hawezi. Nimeona ndugu waliotishiana mapanga kwa ajili ya mpaka wakinywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kata moja kwa sababu ya jani hilo.

Jumamosi moja nilipanda kumwona mama, nikamkuta ameketi kizingitini, ameshika kisu.

"Nipatie anwani ya huyo hakimu," akasema.

"Ya nini, mama?"

"Nimpelekee isale."

Nilicheka. Jamani, nilicheka, maana nilikuwa nimechoka na sikuwa na kitu kingine cha kufanya na uso wangu.

"Mama, hakimu wa kule hajui isale ni kitu gani."

"Si binadamu?"

"Ni binadamu."

"Basi. Mwanangu amekosea, mimi sisemi hajakosea. Aliyekosea anapeleka isale. Tangu akamatwe hakuna aliyeomba msamaha kwa niaba yake, sasa watu wa kule watamwachiliaje? Wanatuona hatuna adabu."

"Kule hawafanyi hivyo. Kule ni sheria."

"Na hapa hatuna sheria?"

Nikamwambia haiwezekani, nikamwambia mara kadhaa, mwishowe nikapandisha sauti. Yeye akaweka kisu chini, akaniuliza kama nimekula. Nilidhani tumemaliza.

Nilikuwa nimeandika barua ya kumtumia mdogo wangu, yenye salamu na habari za nyumbani. Mama akaniomba niache bahasha wazi usiku ule, anataka kumtilia picha ya Bikira Maria. Asubuhi alinipa ikiwa imeshafungwa, amebana ukingo wake kwa ugali. Ilikuwa nene kidogo. Nikatelemka nayo mjini, nikaipeleka posta, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Kabla ya hapo mdogo wangu alikuwa anaruhusiwa kupiga simu mara mojamoja. Namba ndefu ilikuwa inatokea, tunazungumza dakika chache, anauliza kahawa, anauliza mbuzi, anamwamkia mama. Baada ya bahasha ile kufika, simu zikakoma. Kwanza nilidhani ni mtandao. Miezi ikapita. Nikaanza kuota ndoto ambazo sikumwambia mtu.

Mama alikuwa na furaha. Naandika neno hilo na bado linanichoma. Mimi nilikuwa nakonda kwa wasiwasi, yeye anatabasamu, na nilipomuuliza kuna nini cha kufurahia akanieleza alichokifanya. Alikuwa amekata jani kwenye kaburi la baba, amelifunga fundo, amelitia ndani ya barua, na kwa mkono wake usiozoea kalamu akaandika kwenye kikaratasi kwamba mwanawe amkabidhi hakimu.

"Na sasa wako kimya," akasema. "Unaona? Wanakaa nalo. Ni kosa kubwa, lazima wakae nalo kwanza. Wangekuwa hawalitaki, tungeshasikia."

Nilimtazama mzee wa watu, nikaenda kugeuza kahawa.

Kuna mtawa mmoja anayewatembelea wafungwa kule. Aliwahi kufundisha nchini kwetu akiwa msichana, na Kiswahili chake ni cha vitabu lakini kinaeleweka. Yeye ndiye aliyenitumia ujumbe wa sauti, nikausikiliza nikiwa kibandani, mguu wangu juu ya pedeli ya cherehani. Alisema walipoifungua bahasha walikuta jani kavu lililofungwa fundo, jani wasilolijua, linatoka nyumbani kwa mfungwa wa dawa za kulevya. Walilipeleka kupimwa. Mdogo wangu wakamtenga peke yake wakati wakisubiri majibu. Majibu yakatoka kwamba ni jani tu. Lakini kutuma mmea gerezani ni kosa kwa kanuni zao, kwa hiyo akaondolewa kwenye karakana alikokuwa anafanya kazi, na simu akanyang'anywa kwa muda mrefu.

Mtawa akaendelea. Alisema afisa alimuuliza mdogo wangu lile jani ni la nini, naye akamjibu, "Ni mama yangu, anawaombeni msamaha." Afisa akaandika. Mtawa hakujua aliandika nini.

Nilifunga kibanda mchana kweupe. Niliwalaani wote, mmoja mmoja: afisa, hakimu, mwenye maabara, yule bwana wa gari jeupe, mdogo wangu mwenyewe na tamaa yake ya lori. Nilimlaani hata mama. Nikatembea mpaka nikajikuta nje ya mji kwenye barabara ya Himo, viatu vimejaa vumbi, nalia mbele ya watu kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Baadaye nilipopoa nilijiuliza, mimi ningekuwa afisa yule, nikaletewa fundo la majani kutoka nyumba ya mtu aliyemeza sumu, ningefikiri nini? Kwa kweli sijui. Lakini nilijua kwamba mama hatasikia habari hii kutoka kwangu.

Moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka. Miguu ilivimba, akawa hawezi kupanda ngazi ya kanisa. Nikahamisha cherehani yangu mlimani, nikawa nashona barazani huku namwangalia. Kila siku aliniuliza, "Hawajasema?" Kila siku nikamjibu bado. Akasema, "Usiwaharakishe."

Simu iliita Jumapili moja baada ya misa, mama akiwa kitandani. Nikaona namba ndefu, nikainuka nitoke nje haraka nimwonye mdogo wangu kabla hajasema lolote. Mama alikuwa ameshanyoosha mkono. Sikuweza kumpita. Nikawasha spika, nikaishika karibu na mdomo wake.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Walipokea?"

Nilisikia sauti za wanaume nyuma yake, na mlango wa chuma ukifungwa. Nilifumba macho nikamwomba Mungu, na hata sikujua namwomba nini.

"Walipokea, mama."

"Hakimu mwenyewe?"

"Hakimu mwenyewe. Alilishika kwa mikono miwili."

"Akasemaje?"

"Akasema..." Akakohoa. "Akasema, kumbe wewe una mama."

Mama akaanza kulia, akifuta machozi kwa ncha ya kanga yake na kutingisha kichwa kama mtu aliyekuwa na uhakika tangu mwanzo. "Nilijua," akasema. "Nilijua ni mtu wa adabu. Utakuja lini?"

"Wanamalizia karatasi, mama. Karatasi za huku zinachukua muda."

"Fanya haraka, baba. Mimi nimechoka."

"Nakuja, mama."

Nikachukua simu, nikatoka nayo mpaka kwenye kahawa. Nilisikia anavuta pumzi tu. Mtu aliyefungiwa peke yake kwa ajili ya jani lile, aliyenyang'anywa hata sauti yetu kwa ajili yake, na ndiye aliyetafuta maneno mazuri kuliko yote ya kumpa mama. Mimi nisingeyapata. Mwishowe akasema, "Dada, nimefanya vibaya?" Nikamwambia hapana. Nikataka kuongeza kitu, laini ikakatika.

Kuanzia siku ile nyumba ikawa na shughuli. Mama alitoa amri akiwa kitandani: chumba cha mwanawe kipigwe deki, godoro litolewe juani, blanketi lifuliwe. Akawaita akina mama wa jumuiya yetu ya kanisani, akawaambia wazi kila kitu tulichokuwa tunakificha, kwamba mwanawe alifungwa kwa kosa kubwa, kwamba amepeleka isale mpaka kwa hakimu wa ng'ambo na limepokelewa, na mtoto anarudi. Wakapiga vigelegele. Wakanishika mikono, wakanipongeza na mimi. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma, nikaenda jikoni nikasimama huku nimeegemea mlango.

Alifariki asubuhi moja nikiwa nje nawakatia mbuzi majani. Niliporudi ndani alikuwa ametulia, uso ameuelekeza mlangoni. Nilimtumia mtawa ujumbe ili amfikishie mdogo wangu. Mtawa alikuwa likizo kwao, hakujibu.

Siku ya maziko kihamba kilijaa watu. Ibada ikaisha, jeneza likateremshwa, vijana wakashika makoleo. Hapo ndipo baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, alipoinua mkono.

"Marehemu aliniapisha," akasema. "Aliniambia, msinifukie mpaka afike. Mtoto yuko njiani. Ndege zinachelewa, lakini atafika. Tumngoje."

Sikuwa najua habari ya kiapo hicho. Watu wakaitikia, wakaketi kwenye majani makavu ya migomba na kwenye mabenchi, wengine wakaanzisha rozari. Manyunyu yakapita, hakuna aliyeondoka. Vijana wakafunika kaburi kwa turubai, manyunyu yalipokwisha wakalifunua. Na kila mmoja alikuwa anatazama njia ya kutokea barabarani. Nilikaa pale na ulimi wangu huu unaosifika, nikashindwa. Ningesemaje? Mama yuko ndani ya shimo, furaha yake ya mwisho bado iko juu ya nyuso za watu wote hawa, na mimi ndiye niinuke niivunje?

Jua likaanza kuingia migombani. Tukasikia gari linapanda. Watu wakainuka wote kwa pamoja, na baba mdogo akavua kofia. Mwanamke mmoja akasema, "Amefika, ashukuriwe Mungu." Na mimi, ninayejua kila kitu, mimi niliyesikiliza ujumbe wa mtawa kwa masikio yangu, moyo wangu uliruka. Nilimtafuta kwa macho. Naapa nilimtafuta.

Gari lilikuwa jeupe. Akashuka yule bwana, suti nyeusi, shada la maua mkononi. Akaja polepole kati ya watu, akatoa pole kulia na kushoto, akafika ukingoni mwa kaburi, akainama kuchota udongo.

"Wewe usishike huo udongo," nikasema.

Akasimama. Nikasikia matone yakidondoka kutoka kwenye migomba.

"Huo ni wa yule uliyemtuma," nikasema. Kisha nikawageukia watu, maana sasa nisingeweza kurudi nyuma. "Baba mdogo, nisamehe. Ndugu zangu, nisameheni. Haji. Hayuko njiani. Hakuna ndege."

Baba mdogo akaniangalia kama hanijui. "Si walipokea isale?"

"Hawakupokea."

"Walikataa?" Neno lilimtoka taratibu sana. Mzee yule ameishi maisha yake yote na hajawahi kulisikia likitumika hivyo. "Walikataa isale?"

"Walilipeleka kulipima kama ni dawa za kulevya. Wakamwadhibu kwa ajili yake. Mama hakujua. Mtoto alimwambia limepokelewa ili afe vizuri."

Bibi mmoja wa jumuiya, yule aliyepiga vigelegele kuliko wote, akaketi chini kwenye udongo na kuanza kulia kwa sauti nyembamba. Yule bwana alikuwa ameshajisogeza pembeni na shada lake. Nilichota udongo kwa mikono miwili, nikasema mama, huu ni wa mwanao, nikaumwaga. Nikachota tena, nikamwaga wa kwangu. Baba mdogo akachukua koleo.

Jioni ile yule bwana alipewa kiti mezani pa wageni, na waliompakulia ni watu wa nyumbani. Nilimwona anakula. Nimekaa na jambo hilo na sijalimaliza.

Jumapili iliyofuata namba ndefu ikaita. Nilikuwa kwenye chumba tulichompigia deki, nimekaa kwenye kitanda chake.

"Dada, mpe mama kwanza," akasema haraka. "Leo wana foleni, dakika zangu ni chache."

"Mama hayupo, mdogo wangu. Tumemzika."

Hakulia. Nilisubiri alie. Akauliza kwa sauti ya chini, sauti niliyoijua tangu akiwa mtoto, "Mlinisubiri?"

"Tulikusubiri."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka jua likaanza kuzama."

"Watu wote?"

"Watu wote. Hakuna aliyeondoka."

Akasema asante. Kisha nikamsikia anahangaika na pumzi, na mtu nyuma yake akimwambia kitu kwa lugha ya huko. Dakika zake zilikuwa hazijaisha, lakini hakuwa na mtu mwingine wa kuniomba nimpe simu. Tukakaa hivyo, yeye kule na mimi huku, mpaka simu ikajikata yenyewe.